Lenzi za Japani na ukungu wa Mombasa

Kifurushi kilipofika kutoka Japani, mamangu alikipima kwa kiganja, akanitazama. "Ndani mna gari?" Kwetu Mombasa kitu kinachotoka Japani ni gari lililoshushwa Kilindini, na kama si gari basi ni spea. Nikamfungulia. Akaona kidude cha chuma na kioo, hakizidi sana finjani ya kahawa kwa ukubwa, akauliza kimegharimu ngapi. Nikamdanganya. Mkusanyaji wa lenzi kuukuu anaijua dhambi hiyo.

Kilikuwa ni lenzi ya Canon 50mm f/1.8 (namba ya f ikipungua, tundu la mwanga linakuwa kubwa), ya kufungwa kwenye kamera kwa skrubu, ya miaka ya 1950, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za renjifainda. Kwa asiyezijua: kamera hizi hazina kile kioo cha ndani kinachoruka juu ukipiga picha. Unachungulia dirishani, na katikati ya dirisha mna kiraka hafifu ambamo kila kitu kinaonekana pacha. Unazungusha lenzi mpaka wale pacha wanalaliana na kuwa mmoja, hapo ndipo fokasi imekaa. Hujui picha itatokaje hadi uione, na usipoondoa kifuniko cha lenzi kamera haikwambii. Nimeshapiga nusu ya filamu harusini namna hiyo, na bibi harusi mpaka leo anazingoja picha zake.

Sasa nirudi kwenye kifurushi. Kwenye minada ya Wajapani hali ya lenzi huelezwa kwa maneno mawili ambayo Kiswahili kinayaita kwa jina moja. Kabi ni ukungu wa mkate: kitu hai, kinaota nyuzi kama utando wa buibui. Kumori ni ukungu wa alfajiri: weupe mtupu, hauna mizizi, kioo kimefifia tu. Sisi yote mawili ni ukungu, na kwa hiyo mnunuzi wa kwetu huangukia pua mapema. Muuzaji wangu aliandika kwa herufi kubwa kwamba lenzi ni safi sana, kisha chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, akaongeza: kumori kidogo, haiathiri picha. Hilo la "haiathiri picha" ni ndugu wa tumbo moja na "gari lilikuwa la mwalimu, kazini na nyumbani basi".

Nilizima taa chumbani, nikawasha tochi ya simu na kuipitisha ubavuni. Ukiitazama lenzi mchana, kioo kinang'aa, unajipongeza. Ukiipiga tochi kwa upande, kila kitu kinajitokeza. Kioo kilicho nyuma ya mboni ya lenzi, pale kwenye vile vibati vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, kiliwaka cheupe kama mtoto wa jicho. Aina hii ina jina baya kwa ugonjwa huo. Mafundi wanaeleza kwamba mafuta ya mitambo yake hutoa mvuke taratibu kwa miaka, mvuke unatua kwenye vioo vya jirani, na ukiachwa miongo kadhaa haubaki kuwa uchafu wa kupangusa.

Nikampelekea fundi saa mmoja wa Mji wa Kale. Hajawahi kufungua lenzi ya kamera, lakini mikono anayo. Alifungua nyuma kwa spana yenye ncha mbili, akatoa kioo akakiweka juu ya kitambaa, akatia spiriti kwenye pamba na kupangusa mara moja tu, akakiinua mlangoni kwenye mwanga. Akapangusa tena. Nusu ya ule weupe ilitoka. Mara ya tatu akaweka pamba chini. "Mwanangu, hapa si taka tena. Hapa kioo kimelika." Akakataa pesa yangu ya kazi, nami nikaona vibaya zaidi.

Lenzi hiyo bado ninayo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nitaeleza, lakini kwanza niseme jambo ambalo wenzangu hawalipendi: mtu wa pwani hana sababu ya kukusanya lenzi akazifungia kabatini. Wale tunaowaona mtandaoni, wenye kabati za vioo zilizopangwa Nikkor juu, Canon katikati, Rokkor chini, wengi wao wanaishi nchi ambazo hewa ya ndani ni kavu nusu ya mwaka. Kuvu, yaani ile kabi, hutaka giza, utulivu, na unyevu unaozidi asilimia 60 hivi kwa muda mrefu. Mombasa vitatu hivyo vinapatikana ndani ya kabati lolote, bure, msimu wa masika hata viatu vinaota manyoya. Na lile begi zuri la ngozi lililokuja na kamera, ambalo muuzaji alikutoza ziada kwa sababu ni la asili, ndilo baya kupita yote, kwa kuwa ngozi inashika unyevu na kuvu inaila. Langu nimelitundika ukutani, tupu.

Mimi nafanya hivi. Lenzi hazizidi tano. Zinakaa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu ninavyovikausha kila vinapobadilika rangi. Kila moja inatoka angalau mara moja kwa mwezi ikapige picha kweli, ikapigwe na mwanga na upepo. Ikija ya sita, moja inauzwa. Hapa ndipo marafiki wananiambia mimi si mkusanyaji, ni mpangaji. Sawa.

(Usiache tu kamera ya renjifainda imeelekea jua bila kifuniko. Hakuna kioo cha ndani cha kuzuia, lenzi inageuka miwani ya kuwashia moto, na pazia la kitambaa linaloikinga filamu na mwanga linatoboka. Canon P yangu ina pazia la chuma chembamba, haitoboki, lakini limekunjamana kama karatasi ya chokoleti kwa sababu mwenyewe wa zamani alilitia kidole. Linafanya kazi vilevile.)

Ukishakubali kikomo cha tano, macho yanabadilika. Huwezi tena kukimbilia majina. Na majina kwenye ulimwengu huu ni ugonjwa mwingine, kwa sababu kila anayeanza anataka lenzi yenye tundu kubwa. Miaka ya 1950 Wajapani walishindana kama ngalawa: Zunow ya f/1.1 mwaka 1953, Fujinon ya f/1.2 mwaka 1954, Nikkor ya f/1.1 na Canon ya f/1.2 mwaka 1956, mpaka Canon wakaja na ile f/0.95 mwaka 1961, pamoja na kamera yao ya Canon 7. Hiyo ya mwisho inaitwa lenzi ya ndoto. Ina uzito unaopita nusu kilo na mdomo mpana unaokula kipande cha dirisha la kuchungulia, na bila kuchongwa haikai kwenye kamera nyingine zaidi ya Canon 7 na mdogo wake.

Mashindano yale yalikuwa na maana yake wakati ule. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilikuwa ASA 10, yaani nzito sana kuushika mwanga, maana yake jioni ukiwa ndani ya nyumba umekwisha. Tundu kubwa lilikuwa ndiyo njia ya kupata picha. Leo kamera ya kidijitali iliyotumika, ya bei ya kawaida, inaona gizani kuliko paka. Sababu imeondoka, imebaki bei. Anayelipa pesa za pikipiki mbili ili nyuma ya uso wa mtu kutokee vurugu ya mviringo mviringo, pesa ni zake. Ila asiniambie amenunua mwanga.

Ndiyo maana natetea zile f/1.8, f/2.8 na f/3.5 ambazo hakuna anayezililia. Ile Canon f/1.8 asili yake ni Serenar (jina la zamani la lenzi za Canon) ya 1951, kazi ya mhandisi Hiroshi Ito, aliyesumbuka kuondoa utando wa mwanga ambao lenzi za muundo ule zilikuwa nao zikifunguliwa wazi. Kwa macho yangu kazi ile ni kubwa kuliko f/0.95, ingawa haina jina la ndoto. Super Rokkor 45mm f/2.8 ya Minolta ni nyembamba kiasi cha kuingia mfuko wa shati. Kabla hujanunua hizi za skrubu, angalia uzi wake: kipimo kilichoenea ni milimita 39, nyuzi 26 kwa inchi, kilichoanzishwa na Leica wa Ujerumani, lakini Canon za skrubu za mwanzo kabisa zilikuwa na uzi wa nyuzi 24. Unaingia vizuri nusu mzunguko, unafurahi, unakwama. Usilazimishe.

Na kuna kisa ambacho hakikosi kila wanapokutana watu wa Nikkor. Mwaka 1950 mpigapicha wa jarida la Life la Marekani, David Douglas Duncan, akiwa Tokyo, alipigwa picha na mwenzake Mjapani, Jun Miki, kwa Nikkor 85mm f/2. Alipoziona picha hakuamini, akaenda kiwandani kwa Nippon Kogaku, watengenezaji wa Nikkor, na vita vya Korea vilipoanza akazibeba lenzi zile mbele ya Leica zake. Disemba mwaka huohuo New York Times likaandika, na dunia ikaambiwa kwamba Wajapani wanajua kutengeneza kioo.

Kisa ni cha kweli na ni kizuri, lakini kinaniudhi kinavyosimuliwa. Nippon Kogaku walikuwa wanatengeneza vioo tangu 1917. Kamera ya kwanza ya Canon iliyouzwa, ile ya 1936, ilibeba lenzi ya Nikkor. Jun Miki alijua alichonacho mkononi, ndiyo maana alikitumia. Hakuna kilichoanza siku Mmarekani alipofumbua macho, isipokuwa soko. Sisi ambao tumesimuliwa mito na milima yetu "ikigunduliwa" na wageni tungekuwa wa kwanza kuisikia harufu hiyo.

Vyombo vya miaka ile vilivyouzwa nje mara nyingi vina maneno yaliyochongwa kwa Kiingereza, kwamba vimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa, yaani chini ya majeshi ya kigeni baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukaliwaji uliisha Aprili 1952. Oktoba mwaka huohuo Kenya ikatangaziwa hali ya hatari. Nimewahi kuishika lenzi moja yenye maneno hayo dukani kwa mtu, herufi ndogo hata kucha inazihisi kabla ya jicho kuziona. Sikuinunua, ilikuwa na kabi hasa, nyuzi zimeenea kutoka ukingoni hadi katikati. Wiki nzima niliiwaza.

Sasa ile Canon yangu yenye kidonda. Ukiipigia picha kinyume na mwanga inamwaga weupe kila mahali, kivuli hakiwi cheusi tena. Ukiipa mwanga wa pembeni, wa dirisha, mchana baada ya swala ya adhuhuri, inafanya kitu ambacho lenzi zangu nzima hazikifanyi: unyoya mdogo wa mwanga unazunguka vitu vyeupe, na ngozi ya mtu inatulia. Nilimkalisha mamangu hapo, mtandio mweupe kichwani, mkono kwenye kisu cha kukatia bamia. Karibu zaidi ya mita moja lenzi hizi hazifiki, ikabidi nirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Nikawalaza wale pacha kwenye ukingo wa jicho lake.

Nilipomwonyesha aliisogeza simu mbali, kisha karibu, kisha mbali.

"Mbona umenitoa kama niko ndani ya moshi wa udi?"

Nikamweleza kuhusu kioo, mafuta, fundi saa. Hakusikiliza. Alikuwa ameshaanza kuuliza fremu kubwa zinauzwa wapi siku hizi, na kama yule wa Japani anaweza kurudishiwa pesa zake alizonipunguzia kwa ajili ya ule ukungu.