Al-Balad ya Jeddah: Majumba Yanapona, Wapangaji Je?

Mahujaji wetu wengi wanaijua Jeddah kwa uwanja wa ndege tu: wanashuka, wanapanda basi, hao Makka. Anayebakiwa na nusu siku hupelekwa kuona chemchemi ya Mfalme Fahd ikirusha maji ya bahari zaidi ya mita 260 angani, kisha Al-Balad, mji wa kale ulioingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014. Chemchemi haina ubishi. Ubishi uko Al-Balad, juu ya ukarabati wa majumba yake.

Majumba yake mengi maarufu ni ya karne ya 19: kuta za matumbawe ya Bahari ya Shamu zilizolazwa mihimili ndani, na roshani za mbao zilizotobolewa nakshi, upepo ukaingia na aliye ndani akaona njia bila yeye kuonekana. Mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa. Katika Nyumba ya Nasseef, yenye mwarobaini mbele yake, ndimo alimofikia Mfalme Abdulaziz, mwasisi wa Saudi Arabia, alipoutwaa mji mwaka 1925.

Ukuta wa mji ulibomolewa 1947, fedha za mafuta zikamiminika, na wenye nyumba wakahamia kaskazini. Vyumba wakavipangisha kwa vibarua wa kigeni. Matumbawe nayo hayataki kupuuzwa: chumvi na unyevu huyala, bomba likivuja ghorofani ukuta wa chini hulegea, na waya wa kuungaunga ukishika moto, roshani zote zile ni kuni.

Kwa hiyo serikali ilipoingilia kati, hasa mwaka 2019 Mrithi wa Ufalme Mohammed bin Salman alipotoa riali milioni 50 za kuokoa majengo 56, haikuwa anasa. Anayebisha akumbuke Beit el Ajaib ya Unguja, ilivyoporomoka sehemu yake Desemba 2020 na kuua watu.

Upande wa pili unasema jumba likigeuka hoteli ya kifahari au mgahawa wa kahawa ghali, kinachobaki ni ganda. Nami hapo nasita. Kuna nyumba ambazo bila biashara ya hoteli hazingepata hata fundi wa chokaa. Makumbusho hayawezi kujaa kila kichochoro. Lakini sikubaliani na lile simulizi kwamba wapangaji maskini ndio walioharibu mji. Kodi walilipa, waliokula kodi bila kuziba bomba ni wengine. Tena ni wao waliozikalia nyumba hizo wakati wenyewe wamezipa kisogo.

Pa kuangalia ni chini, si kwenye roshani. Soko la Al-Alawi, linaloelekea Lango la Makka, limeuzia mahujaji tangu zamani, na duka la chini ndilo lililokuwa likiendesha nyumba ya juu. Mradi wa ukarabati ungeweka kikomo cha kodi kwa maduka hayo, muuza viungo na fundi cherehani wangebaki hata ghorofani pakilala watalii. Kikomo hicho kingegharimu kidogo mno kuliko ukarabati wenyewe.