Hema Lililohudhuria Ibada

Waliopanga kambi ya skauti na sikukuu ya kwaya katika mwisho mmoja wa juma bila shaka hawakuwa na binti aliyemo katika vyote viwili. Mimi ninaye. Binti yangu ni kiongozi wa kundi lake katika kikosi cha skauti na ni mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Nilipojaribu kumshawishi achague kimoja, alinikumbusha, kwa upole ule wa kuudhi walio nao watoto wenye haki, kwamba katika ahadi yake ya skauti ameapa kutimiza wajibu wake kwa Mungu, hivyo kukosa ibada kungekuwa kuvunja ahadi, na kukosa kambi kungekuwa kulitelekeza kundi alilokabidhiwa. Hoja ya namna hiyo haina mlango wa kutokea. Nikajiandikisha kuwa mama msaidizi wa kambi, cheo ambacho maana yake halisi ni dereva.

Kambi yenyewe ilikwenda vizuri, ukiacha mvua. Penye moto wa jioni kiongozi wa kikosi aliwasimulia watoto jinsi Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alivyowapeleka wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, katika kambi ya majaribio iliyozaa skauti wa dunia nzima, na jinsi alivyokuwa akiwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoipata Afrika. Kiongozi alisimulia habari ya pembe kwa masikitiko ya mtu aliyenyimwa urithi wake. Alfajiri akajaribu kuiigiza kwa mdomo mtupu, na sauti iliyotoka ilitufanya akina mama tutoke mbio kumtafuta ng'ombe aliyekwama mahali.

Jumamosi alasiri tulitoroka, kwa ruhusa, kwenda kwenye mazoezi ya mwisho ya kwaya. Mazoezi yalipokwisha, mpiga ngoma aliniomba niilaze ngoma yake katika gari langu, kwa kuwa kitasa cha stoo ya kanisa kilikuwa kimeharibika naye alikuwa anaondoka kwa miguu. Ngoma ilikuwa pana na fupi, ndani ya mfuko mweusi wa mviringo wenye zipu. Hema letu nalo, mali ya kikosi, hukaa ndani ya mfuko mweusi wa mviringo wenye zipu.

Ni lazima nieleze hema hili lilivyo. Halina nguzo za kuunganisha. Limeshonewa pindo lenye chuma chembamba kinachonesa, ambacho hulazimishwa kujikunja kuwa duara na kuzuiliwa kwa mkanda, na mkanda wa letu ulikuwa umekatika siku nyingi, kwa hiyo lililolizuia ni zipu peke yake. Zipu ikifunguliwa, hema hujisimamisha lenyewe kabla hujamaliza kurudi nyuma. Kulikunja tena ni elimu nyingine kabisa.

Jumapili asubuhi tulilikunja likiwa bado limelowa, tukasafisha mahali liliposimama, tukaahidi kulirudisha kabla ya ukaguzi wa vifaa na kushushwa kwa bendera adhuhuri, kisha tukaondoka. Binti alivaa joho la kwaya juu ya sare yake garini, skafu ikachungulia shingoni, na sote wawili tulinuka moshi kiasi kwamba mama mchungaji, alipotukumbatia mlangoni, aliuliza kama kuna kitu kinaungua nyuma ya jengo. Mpiga ngoma alikuwa amekwisha kunipokea ufunguo wa gari. Alifungua buti mwenyewe, akachukua mfuko mweusi wa mviringo mwenyewe, na kwa kuwa kwaya ilikuwa inaingia, akaubeba moja kwa moja hadi mahali pake, nyuma ya mwalimu wa kwaya.

Wimbo ulianza taratibu kwa sauti tupu, kwani ngoma ilitakiwa kuingia katika ubeti wa pili. Ubeti ulipokaribia, nilimwona mpiga ngoma akiinama na kushika zipu. Nilimwona pia binti yangu, katika safu ya mbele, akigeuza shingo, akiutambua mfuko, na akifungua mdomo kwa neno ambalo halikuwamo katika wimbo.

Hema lilitoka kwa mshindo. Lilimwaga maji ya mvua ya usiku kucha juu ya sauti ya tatu na ya nne, likampiga mwalimu wa kwaya kisogoni na kuyarusha miwani yake kusikojulikana, kisha likatua juu ya mpiga ngoma, likasimama wima, kamili, mlango wake ukiwaelekea waumini. Mtu mmoja wa viti vya nyuma, ambaye naamini hakuwa ameona vizuri, alipaza sauti: "Haleluya!"

Kwaya haikunyamaza, na kwa hilo nitaiheshimu daima. Mwalimu, ambaye bila miwani hamjui hata mkewe, aliendelea kuongoza akiutazama ukuta. Mpiga ngoma, ambaye viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana, alianza kupiga makofi humo ndani kwa mapigo sahihi, kwa hiyo ubeti wote wa pili ulisindikizwa na hema. Watoto wa shule ya Jumapili walitazama kwa dakika moja hivi, wakaona hakuna mtu mzima anayewakataza, wakaingia mmoja mmoja.

Mchungaji alipopanda mimbarani alilitazama kwa muda mrefu. "Mtume Paulo alikuwa mshona mahema," alisema, "lakini hatusomi popote kwamba alikuja nayo ibadani." Baada ya hapo hakuna aliyeyasikia mahubiri, nadhani hata yeye.

Ibada ilipokwisha, wazee wa kanisa walijitolea kulikunja. Wanaume watu wazima hawapendi kushindwa na kitambaa. Wa kwanza alilikalia, likamnyanyua. Wa pili, aliyetumikia jeshi na kutuarifu hivyo mara kadhaa, aliamuru likunjwe kwa pembe, likajikunjua tena na kuuangusha ubao wa matangazo. Binti yangu alisubiri kwa adabu mpaka ushauri wote ulipokwisha, ndipo akasema, "Samahani, wazee wangu," akawatoa watoto, akakanyaga ukingo mmoja, akalipinda pindo kuwa umbo la tarakimu 8, akalaza duara moja juu ya jingine, akafunga zipu. Mzee wa jeshini alisema kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa anaelekea kufanya.

Tulifika kambini bendera ikiwa bado juu. Kiongozi wa kikosi alilifungua hema kwa ukaguzi, akaingiza kichwa, akakaa humo kuliko kawaida, kisha akatoka akiwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, bahasha ya sadaka iliyofungwa na miwani yenye fremu ya dhahabu. Alinitazama akisubiri maelezo. Simu yangu ilikuwa inaita tayari, na kwenye kioo niliona jina la mwalimu wa kwaya, ambaye kwa hali aliyokuwa nayo sijui alibonyezaje namba.