Jeraha lipo, karatasi haipo

Mwanajeshi wa zamani wa Marekani akijitokeza na miaka sabini na kitu kudai nishani ya Purple Heart (“Moyo wa Zambarau”) kwa jeraha alilopata Vietnam, swali la kwanza analokutana nalo ni: alikuwa wapi siku zote? Si swali la kijinga. Tatizo ni kwamba anayeuliza mara nyingi ana jibu lake tayari: mzee ama anatafuta fedha, ama anatafuta sifa za uzeeni. Nadhani lawama hiyo inaelekezwa kwa mtu asiyehusika.

Purple Heart haifanani na nishani za ushujaa. Hizo hupendekezwa na kamanda, zikajadiliwa ngazi kwa ngazi, zikapandishwa au kushushwa. Hii haimsubiri mtu akupendekeze. Ukitimiza masharti ni haki yako, hata kama hukufanya lolote zaidi ya kuwa pale kombora lilipoangukia. Masharti makubwa ni matatu: jeraha liwe limetokana na adui, liwe lilitibiwa na daktari wa jeshi, au lilistahili kutibiwa naye, na matibabu yawe yameingizwa katika kumbukumbu rasmi. Mawili ya kwanza ni kati ya askari, adui na daktari. La tatu ni kazi ya karani, na hilo ndilo linaloangusha wengi.

Kuhusu muda, nishani hii haina tarehe ya mwisho ya kuombwa. Mwombaji aliyekataliwa ngazi za chini huishia kwenye bodi ya jeshi ya kusahihisha kumbukumbu. Bodi ina ukomo wa miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa, ila sheria hiyohiyo inairuhusu kuuweka kando ukomo huo kwa maslahi ya haki. Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakumwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kwamba bodi inamtaka yeye mwenyewe alete ushahidi wa kutosha kuelemeza mizani upande wake.

Sasa tuseme yuko askari wa miguu, mwaka 1969, katika kambi ndogo ya mbele. Usiku makombora ya mota yanaanguka. Vipande viwili vya chuma vinamwingia begani. Tabibu wa kikosi, kijana wa miaka 20 kama yeye, anatoa kimoja kwa koleo, anaacha kingine kilichozama, anafunga bendeji na kumpa vidonge. Kuna wenzao wawili walio mahututi, na helikopta inawachukua hao. Wale wawili wanafungiwa kadi ya matibabu kwenye nguo, kadi inafika hospitali, hospitali inatoa taarifa, na jina linaingia kwenye orodha ya majeruhi. Yule wa bega anabaki. Keshokutwa yuko doria. Tabibu hakuwa na meza wala taipureta, na hata angeandika kitu kwenye daftari lake, daftari hilo halikuwa sehemu ya kumbukumbu za jeshi.

Miaka hamsini baadaye ombi linafika mezani. Mchambuzi wa bodi anafungua fomu ya utumishi ya askari huyo, ile iliyoitwa DA Form 20, na kwenda moja kwa moja kwenye kisanduku namba 40. Humo ndimo majeraha yalipotakiwa kuandikwa. Kitupu. Anaangalia orodha ya majeruhi wa Vietnam, jina halimo. Anatafuta amri za vikosi za kutunuku nishani, hakuna. Uamuzi unakuja na maneno ya heshima, pamoja na shukrani kwa utumishi wake, na jibu ni hapana.

Hapa watu hupenda kuutaja ule moto. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko Overland, jirani na St. Louis, Missouri, liliungua, likateketeza mafaili milioni 16 hadi 18. Kwa upande wa jeshi la nchi kavu, ilipotea takriban asilimia 80 ya mafaili ya walioachishwa kazi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Hapakuwa na nakala, hapakuwa na filamu ndogo za kumbukumbu, hapakuwa hata na faharasa ya kuonyesha kilichokuwamo. Asilimia hiyo 80 imenukuliwa mno hadi imekuwa maelezo ya kila karatasi isiyoonekana. Lakini tazama tarehe zake. Zinaishia 1960, kwa hiyo moto huo haumhusu askari wetu wa 1969. Faili lake halikuungua, lipo zima, na ndiyo maana kesi yake ni ngumu zaidi.

Aliyepigana Korea au Vita vya Pili vya Dunia akisema karatasi zake ziliungua, bodi inakubali kwamba faili lina pengo, na wakati mwingine humtafutia mbadala. Mbadala mmoja ni kumbukumbu za kulazwa hospitali zilizotokana na ofisi ya daktari mkuu wa jeshi, za miaka ya 1942 hadi 1945 na 1950 hadi 1954. Wa Vietnam hapewi nafasi hiyo. Faili lake linachukuliwa kuwa limekamilika, na ukimya wake unasomwa kama ushahidi kwamba hakujeruhiwa. Ule wa faili lililoungua unahesabiwa kuwa upungufu wa serikali, lakini wa kisanduku ambacho serikali haikukijaza unageuzwa kuwa upungufu wa askari. Nimejaribu kutafuta mantiki ya tofauti hiyo, na sijaipata.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Ofisi yoyote lazima ianze na dhana kwamba watumishi wake walitimiza wajibu. Bila dhana hiyo hakuna kumbukumbu hata moja ya miaka hamsini iliyopita ingesimama. Kisha kovu halisemi nani alilisababisha. Chuma begani kinaweza kutoka kwenye mota ya adui, na kinaweza kutoka kwenye guruneti la mafunzo au ajali ya gari. Kumbukumbu za wazee nazo huchanganyika: matukio mawili huungana kuwa moja, na rafiki anayekula kiapo anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba aliona jambo ambalo kwa kweli alisimuliwa.

Liko pia suala la heshima ya nishani yenyewe. Mwaka 2004, katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini New York, baadhi ya wajumbe walijibandika plasta zenye alama ya moyo wa zambarau kumkejeli John Kerry, mgombea urais wa chama cha Democratic, aliyetunukiwa Purple Heart tatu huko Vietnam na kuondoka vitani mapema kwa kanuni ya majeraha matatu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kudanganya tu kuhusu kutunukiwa nishani hakuwezi kufanywa jinai, na sheria mpya ya 2013 ikabidi iwalenge wanaodanganya ili wapate fedha au manufaa mengine. Mtu anayeona alama ya damu inafanyiwa mzaha wa plasta, kisha anaona sheria haiwezi kuwafunga midomo waongo, ataona karatasi ndiyo ulinzi wa mwisho. Simlaumu.

Ila ulinzi huo una jambo la ajabu. Serikali hiyohiyo ya Marekani ina ofisi nyingine, Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, inayolipa fidia ya ulemavu kila mwezi. Sheria inayoiongoza inasema hivi: kwa mtu aliyepigana, maelezo yake mwenyewe kuhusu kuumia vitani yakilingana na mazingira ya utumishi wake, yakubaliwe hata kama hakuna kumbukumbu rasmi. Na pale ushahidi wa pande mbili unapokaribia kulingana, mwanajeshi ndiye anayepewa faida ya shaka. Kwa hiyo mzee wetu anaweza kupigwa eksirei, chuma kikaonekana, idara ikakubali kwamba kiliingia vitani na kumlipa kwa miaka mingi, huku bodi ya jeshi ikimwandikia kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa alijeruhiwa na adui. Ofisi inayotoa fedha mwezi baada ya mwezi ndiyo yenye masharti mepesi. Inayotoa kipande cha metali na utepe ndiyo yenye mkono wa birika.

Watetezi wa bodi watajibu kwamba fidia inahusu mahitaji ya leo, na nishani inathibitisha tukio la siku fulani. Ya kwanza inavumilia shaka, ya pili haivumilii. Jibu zuri, lakini halifiki mbali. Ili ilipe, idara nayo ililazimika kuamua kuhusu tukio lilelile: kwamba mtu huyu alipata jeraha hili akiwa vitani. Haikulipa kwa huruma. Ilisikiliza na ikaamini.

Tofauti hiyo pia inaijibu sehemu kubwa ya tuhuma ya fedha. Purple Heart haina malipo ya kila mwezi. Inampa mtu nafasi ya mbele katika huduma za afya za idara, msamaha wa kuchangia gharama za matibabu, na alama kumi za upendeleo akiomba kazi serikali kuu. Kwa aliyepigana baada ya Septemba 2001 nishani ina uzito wa kifedha, kwa sababu tangu 2018 inamfungulia mafao ya masomo kwa kiwango kamili. Lakini mzee wa Vietnam atazifanyia nini alama kumi za kuombea kazi? Na kama ulemavu wake umekwisha kadiriwa kuwa asilimia 30, yuko tayari katika kundi la huduma lililo juu ya lile ambalo nishani ingemweka. Wapo ambao ingewasaidia, nakubali. Ila anayefuata fedha hasa ana njia fupi kuliko hii, ya fomu baada ya fomu na hati za kiapo.

Kuhusu kuchelewa, kuna jambo ambalo wanaouliza “alikuwa wapi” hawalipimi. Kwa kawaida tunaamini kila mwaka unaopita unapunguza ushahidi. Kwa Vietnam nusu ya ukweli iko kinyume. Taarifa za kila siku za vikosi, zinazoonyesha saa ngapi kambi gani ilishambuliwa, na kwa makombora mangapi, leo mtu anaweza kuziomba katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko College Park, Maryland. Mwaka 1972 askari aliyerudi kijijini kwao hakuwa na njia ya kuzipata nyaraka hizo. Tabibu wa kikosi naye alikuwa jina la utani tu, pengine hata ukoo wake haukujulikana. Intaneti na mikutano ya vikosi ndiyo iliyowakutanisha tena. Kwa waombaji wengi, mwaka wa kuchelewa ndio mwaka wa kwanza walipokuwa na cha kuwasilisha.

Na anayedhani karatasi zilipotea kwa sababu ya msitu na taipureta, aitazame kambi ya al-Asad nchini Iraki. Tarehe 8 Januari 2020 Iran iliipiga kwa makombora ya balistiki. Kwanza ikatangazwa kwamba hakuna Mmarekani aliyeumia. Hesabu ikapanda hadi takriban watu 110 waliogundulika kuwa na majeraha ya ubongo. Nishani zilizotolewa mwanzoni zilikuwa 29, na baada ya jeshi kupitia upya mafaili, mwishoni mwa 2021 zikaidhinishwa nyingine 39. Waliokubaliwa baadaye walikuwa wengi kuliko wa kwanza! Hayo yametokea zama za kompyuta, kambi ikiwa na madaktari, kanuni ya majeraha ya ubongo ikiwa imeshafafanuliwa tangu 2011, na shambulio limejulikana dunia nzima. Kama jeshi lingeshikilia kwamba faili lisilo na maandishi maana yake ni mtu asiyejeruhiwa, hao 39 wangekuwa bado wanasubiri.

Hata hoja ya kwamba masharti ya nishani hii hayajawahi kuguswa haisimami sana. Jenerali Douglas MacArthur alipoifufua Februari 1932, kutokana na beji ya George Washington ya 1782, ilitolewa pia kwa utumishi bora. Ilikuja kufungwa kwenye majeraha na vifo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waliopigwa risasi na mwanajeshi mwenzao katika kambi ya jeshi ya Fort Hood, Texas, mwaka 2009 walinyimwa, kisha Bunge la Marekani likabadilisha sheria, wakavishwa Aprili 2015. Mipaka yake imesogezwa mara nyingi bila nishani kupoteza maana.

Kwa hiyo sidai kila anayeomba apewe. Mwenye kovu na maneno yake matupu, bila taarifa ya kikosi wala shahidi, akikataliwa sina ugomvi. Lakini pale taarifa ya siku ya kikosi inapoonyesha shambulio usiku huo mahali hapo, eksirei inapoonyesha chuma, na tabibu aliyefunga bendeji anapokula kiapo, kisanduku namba 40 kikiwa kitupu kisihesabiwe kabisa. Kisiwe ushahidi dhidi ya mtu ambaye hakuwahi kukabidhiwa kalamu ya kukijaza. Mzigo wa kuonyesha kwamba jeraha halikutoka kwa adui hapo uhamie kwa jeshi, ambalo ndilo lililokuwa na makarani.

Bodi ingeweza kuanza kusoma ushahidi hivyo bila kusubiri sheria mpya, maana kupima uzito wa kila kipande cha ushahidi ndiyo kazi yake. Na ingefaa ifanye haraka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1968 alizaliwa 1948, na tabibu wake ni wa rika hilohilo. Mwombaji akifa, familia inaruhusiwa kuomba kwa niaba yake. Tabibu akifa, mjane wake hawezi kula kiapo kuhusu bendeji ambayo hakuiona ikifungwa.