Mkwaju Mmoja Hautoshi Kumhukumu Gary Anderson

Katika misimu 23 ya kucheza NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, Gary Anderson alifunga pointi 2,434. Mtaje mbele ya shabiki wa Minnesota Vikings mwenye umri wa kuukumbuka mwaka 1999, na pointi hizo hatazigusa kabisa. Atakusimulia mkwaju mmoja uliopita kushoto mwa mlingoti, Januari 17 ya mwaka huo. Mimi naona mtu huyu ameonewa, na kwa kuwa huku kwetu jina lake halivumi, acha nianze mbali kidogo.

Anderson ni mzaliwa wa Afrika. Alizaliwa Parys, Afrika Kusini, Julai 1959, mtoto wa familia ya Kizungu katika enzi za ubaguzi wa rangi, akakulia Durban akicheza soka na raga. Baba yake, mchungaji, aliwahi kucheza soka la kulipwa Uingereza. Gary alipomaliza shule familia ilihamia Pennsylvania, Marekani, na huko ndiko alikoanza kuupiga mpira wa Kimarekani, ule wenye ncha mbili, hadi akapata nafasi Chuo Kikuu cha Syracuse.

Wakati huo mguu uliolelewa na soka ulikuwa mali. Zamani Wamarekani walikuwa wakiupiga mpira kwa ncha ya kiatu, wakiukimbilia moja kwa moja kutoka nyuma. Mwaka 1964 Pete Gogolak, kijana wa familia iliyokimbia Hungaria, aliingia timu ya Buffalo Bills na kuupiga kama tunavyopiga sisi: unauendea kwa mshazari, unauchota kwa upande wa juu wa mguu. Akafuata Jan Stenerud, Mnorwe aliyekwenda chuo Montana kwa ajili ya kuruka na ski. Akaja Morten Andersen wa Denmark, aliyefika Marekani mwaka 1977 kama mwanafunzi wa kubadilishana. Anderson wetu yumo katika mstari huo huo wa wageni waliougeuza mchezo kwa mguu mmoja.

Kwa asiyeufahamu mchezo, kazi yenyewe iko hivi. Timu ikikwama karibu na goli la mpinzani, inamwita mpigaji aingie kutafuta pointi tatu. Mbele yake kuna milingoti miwili iliyoachana kwa mita 5.6 tu, wakati goli la soka lina mita 7.32. Mpira lazima upite kati ya milingoti hiyo na juu ya mtambaa panya ulio mita tatu kutoka ardhini. Mwenzake aliyeinama mbele anaurusha mpira kinyumenyume kupitia katikati ya miguu yake, unasafiri yadi saba au nane, na mshikaji aliyepiga goti anaudaka, anausimamisha kwenye nyasi kwa kidole, na papo hapo anauzungusha ili nyuzi zake zitazame milingoti. Nyuzi zikielekea kwa mpigaji, mguu unaweza kukutana nazo na mpira ukapotea njia. Mpigaji haruhusiwi anasa ya kusubiri aone kama kila kitu kiko sawa. Anaanza kuufuata mpira ukiwa bado mikononi mwa mshikaji, huku majitu ya kilo 130 na zaidi yakijirusha na kunyoosha mikono kumzuia. Tangu mpira urushwe hadi uguswe na kiatu, haifiki sekunde moja na nusu. Anafanya hivyo mara mbili tatu kwa mchezo, na muda uliobaki anakaa pembeni.

Anderson aliifanya kazi hiyo tangu 1982 hadi 2004. Buffalo Bills ndio waliomchagua kwanza, raundi ya saba ya zoezi ambalo timu hugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, kisha wakamwacha hata msimu haujaanza. Pittsburgh Steelers wakamchukua, akakaa nao miaka 13. Baadaye akapita Philadelphia Eagles na San Francisco 49ers. Alivaa jezi namba 1, na kofia ngumu ya mtindo wa kizamani yenye chuma kimoja tu mbele ya mdomo, wakati wenzake wamejifungia nyuma ya vizimba vya vyuma. Akajumuishwa kwenye kikosi bora cha muongo wa 1980, kisha na cha muongo wa 1990.

Mwaka 1998, akiwa na miaka 39, akajiunga na Vikings. Msimu ule timu ilishinda michezo 15 ikapoteza mmoja. Ilifunga pointi 556, rekodi ya ligi kwa wakati huo, na Randy Moss alikuwa ndiyo kwanza anaingia, kijana asiyekabika. Anderson alipiga mikwaju 35 ya pointi tatu na yote 35 ikaingia. Ile ya pointi moja, inayopigwa baada ya kila goli kubwa (touchdown, la pointi sita), alipiga 59 na 59 zikaingia. Kabla yake hakuna mpigaji aliyewahi kumaliza msimu wa kawaida wa NFL bila kukosa hata mara moja.

Ikaja siku yenyewe. Vikings walikuwa nyumbani Minneapolis, chini ya paa la Metrodome, wakicheza na Atlanta Falcons, na mshindi anakwenda Super Bowl, fainali ya ligi. Zikiwa zimebaki dakika mbili na kidogo, Vikings walikuwa mbele 27-20. Anderson akaitwa kupiga mkwaju wa chini ya yadi 40, umbali ambao kwake ulikuwa kazi ya kila siku. Ukiingia inakuwa 30-20 na mchezo umekwisha. Ukapita kushoto. Falcons wakaja na kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde 49, na katika muda wa nyongeza wakashinda 30-27. Aliyepiga mkwaju wa ushindi ni yule yule Morten Andersen wa Denmark, mwenye jina linalotofautiana na la mwenzake kwa herufi moja.

Mtu akiusikia mchezo ule kwa juu juu, atasema Anderson aliwanyima Super Bowl. Ningependa atazame tena. Kabla ya mapumziko Vikings wakiongoza 20-7, kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Randall Cunningham alipokwa mpira karibu kabisa na goli lake, na Falcons wakafunga hapo hapo. Katika safari ya kusawazisha, beki Robert Griffith aliudondosha mpira ambao angeudaka ungemaliza kila kitu. Falcons waliposawazisha, Vikings walikuwa bado na sekunde mkononi, na kocha Dennis Green, mwenye safu ya ushambuliaji iliyofunga kuliko zote katika historia ya ligi hadi siku ile, akaamua kwotabeki apige goti muda uishe. Na katika muda wa nyongeza Vikings waliupata mpira mara mbili, na mara zote mbili wakaishia kuurudisha kwa Falcons. Hayo yote yalipita katikati ya watu 11 uwanjani na benchi zima la ufundi. Lawama ikampata mmoja.

Naelewa inakotoka. Kosa la beki limejificha ndani ya vurugu ya miili 22, na uamuzi wa kocha unaweza kutetewa kwa maneno hadi kesho. Mkwaju hauna utetezi. Uwanja mzima unanyamaza, mtu mmoja anapiga, na waamuzi wawili chini ya milingoti wanapunga mikono: haukuingia. Macho yanapata mtu wa kumshika. Lakini kuonekana zaidi na kukosea zaidi ni mambo mawili, na shabiki anayejali haki anapaswa kuyatenganisha.

Sisi tumeliona hili kwa Asamoah Gyan. Julai 2, 2010, Johannesburg, dakika ya 120, Luis Suárez wa Uruguay ameuzuia kwa mkono mpira uliokuwa unaingia golini, na bara zima linamtazama Gyan akiweka penalti. Ikagonga mtambaa panya. Wengi hadi leo wakisikia Gyan wanasikia ule mlio. Wachache wanakumbuka kwamba dakika chache baadaye, kwenye mikwaju ya penalti, ni yeye aliyejitokeza kupiga ya kwanza ya Ghana, na akafunga. Wala hawakumbuki kwamba hakuna Mwafrika aliyefunga mabao mengi Kombe la Dunia kumzidi alipoachia yale sita yake. Yule aliyeushika mpira makusudi ndiye aliyebebwa mabegani na wenzake.

Wanaomsema Anderson hupenda kudai kwamba alikuwa mzuri kwa mikwaju ya kawaida, ila presha ikipanda miguu inamwishia. Hoja hii inanikera kwa sababu ushahidi wa kuipinga upo wazi. Desemba 31, 1989, ndani ya Astrodome ya Houston, Steelers walikuwa sare na Oilers 23-23 katika mchezo wa mtoano, ugenini, muda wa nyongeza. Anderson akapiga kutoka yadi 50. Ukaingia, Oilers wakaenda nyumbani kwao, na siku chache baadaye kocha wao akaondoka kazini. Haya, Januari 3, 2004, yeye sasa ana miaka 44, ameitwa na Tennessee Titans wakati alikuwa ameshaanza maisha ya kustaafu. Mtoano tena, ugenini Baltimore, sare 17-17, sekunde 29 zimebaki, yadi 46. Akapiga, ukaingia, 20-17. Mikwaju miwili hiyo yote ilikuwa mbali kuliko ule alioukosa Minneapolis, na kati yake imepita miaka 14. Mtu wa namna hii humwiti mwoga.

Kuna mashabiki wanaojua kulipokea jambo kama hili. Januari 1991 Buffalo Bills, wale wale waliomwacha Anderson, walipoteza Super Bowl kwa pointi moja, 20-19, baada ya Scott Norwood kukosa mkwaju wa yadi 47 sekunde za mwisho. Timu iliporudi Buffalo, maelfu waliofurika uwanja wa katikati ya jiji waliliita jina lake, wakimtaka ajitokeze, na alipojitokeza wakamshangilia hadi akashikwa na machozi. Hata Minnesota yenyewe imewahi kufanya uungwana huo. Blair Walsh alipokosa mkwaju wa yadi 27 tu Januari 2016, katika baridi kali ya kama nyuzijoto 20 chini ya sifuri, nyuzi za mpira zikiwa zimemwelekea yeye, Vikings wakafungwa 10-9 na Seattle. Watoto wa darasa la kwanza wa shule moja ya jimbo hilo wakamwandikia kadi na barua za kumfariji. Walsh akawaendea darasani kuwashukuru. Watoto wa miaka sita walilijua la kufanya wakati uleule ambao watu wazima walikuwa wakimtukana mitandaoni.

Ninachotaka kwa Anderson ni kikubwa kuliko huruma. Mwaka 2000 alimpita George Blanda na kuwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya NFL, nafasi aliyoishika hadi 2006, alipopitwa na yule yule Andersen, ambaye naye alipitwa na Adam Vinatieri mwaka 2018. Stenerud aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la magwiji wa mchezo huu, lililoko Canton, Ohio, mwaka 1991. Andersen akaingia 2017. Gary Anderson amebaki mlangoni. Andersen alimaliza na pointi 2,544, yaani 110 zaidi, akiwa amecheza misimu 25 dhidi ya 23 ya mwenzake. Gawanya mwenyewe, utaona kwa wastani wa msimu mzaliwa wa Parys yuko mbele. Nikiuliza kinachowatenganisha watu hawa wawili, kila mara narudishwa Metrodome, siku ambayo mmoja alikosa na mwingine akapata.

Wapiga kura wa Canton ni waandishi na watu wa mpira, wana kanda zote. Naomba jina lake likija mezani waiweke ya Minneapolis, kisha waiweke na ya Houston, na ya Baltimore, na ile mikwaju 35 ya 1998 mmoja baada ya mwingine, halafu wapige kura.