Muhuri wa mkandarasi na rodi ya ethi: nani afunge umeme wa nyumba Tabora?

Ukijenga Ipuli au Kiloleni, anayekutandazia nyaya na anayetia saini kwamba nyaya zimetandazwa vizuri mara nyingi ni watu wawili, na pengine hawajawahi kuonana. Wa kwanza ni fundi wa mtaani, aliyeanza kwa kumshikia ngazi fundi mwingine. Wa pili ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na muhuri. Fomu ya kuomba umeme TANESCO inataka muhuri huo, kwa hiyo kazi ikiisha fundi anatafuta mwenye leseni, mwenye nyumba anatoa chochote, fomu inagongwa. Si siri.

Kuna wanaotaka sheria ikazwe, asiye na leseni asiguse hata soketi. Kuna wanaojibu kuwa leseni ni karatasi, na karatasi haipandi kenchi. Mimi naegemea upande wa sheria, ingawa si kwa namna inavyotekelezwa sasa.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni zake zinataka anayefunga umeme awe na leseni, na leseni zimegawanywa kwa madaraja. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuona nyumba ikijengwa. Ukuta uliopinda utauona hata ukiwa barabarani, na bati linalovuja litajitangaza mvua ya kwanza. Waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni katikati ya bomba, kisha lipu ikapita juu, hutauona hadi siku unapochemka. Ndiyo maana moto ukitokea tunaambiwa "hitilafu ya umeme", maneno ambayo hayamtaji mtu.

Mfano mzuri zaidi ni ethi, na hapa Tabora ina habari yake. Nyumba zetu nyingi hutegemea kila moja rodi yake, iliyopigwa ardhini nje ya ukuta. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja, tuseme kwenye mwili wa friji, njia ya kushuka ardhini. Sasa udongo wa sehemu kubwa ya mkoa huu ni wa kichanga, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni ya kuhadithiwa. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Rodi fupi iliyopigwa humo inaweza kuvuka omu 100 kwa urahisi (omu hupima jinsi umeme unavyozuiwa kupita). Tuiache hata kwenye 50: umeme wetu ni volti 230, gawanya kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya soketi ya ampea 20 au 32 haitashtuka kwa mkondo huo. Friji itaendelea kuunguruma, na mtoto atakayeishika akiwa peku ndiye atakayekuwa ethi.

Kinachookoa hapo ni RCD, ile swichi inayokata mkondo wa miliampea 30 ukivuja. Lakini wengi huambiwa wabonyeze kitufe cha majaribio, ikikata basi kila kitu ni salama. Kitufe kile kinaipima RCD yenyewe. Rodi hakiigusi kabisa, hata ingekuwa haijaunganishwa kitakata vilevile. Ili kuijua rodi lazima kuwe na kipima ethi, na hicho fundi wengi wa mtaani hawana. Hapa hoja ya leseni ina uzito wake wote, kwa sababu uzoefu wa miaka mingi hauoni omu.

Hata hivyo, anayemdharau fundi wa mtaani hajakaa naye saiti. Yeye ndiye anayejua kwamba mabomba ya slabu yanalazwa nondo zikiwa zimefungwa na kabla zege halijamwagwa, na kwamba midomo yake isipozibwa na karatasi za mfuko wa saruji, zege litaingia na utapasua dari mpya kutafuta njia. Anajua tofali la kuchoma lisiloiva vizuri likichimbwa kwa pupa linamomonyoka hadi upande wa pili. Anauliza mlango utafungukia wapi kabla ya kuweka boksi la swichi. (Nimeona nyumba za gharama zenye swichi nyuma ya mlango, mchoro haukuuliza.) Kijana aliyetoka VETA na cheti chake anajua kwa nini taa hupewa waya wa milimita 1.5 za mraba na soketi 2.5, lakini mengi ya haya atayakuta kwa mara ya kwanza kwenye vumbi. Tena fundi wa mtaani anapokea malipo kwa mafungu, na breka ikigoma saa nne usiku anakuja, maana anaishi mtaa wa pili.

Ukimfukuza kazini, Sikonge na Kaliua vijijini atabaki nani? Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo mkulima anaimudu. Kutandaza nyaya ndani ndiko kunakomkwamisha. Kifaa cha UMETA, kiboksi kinachofungwa bila kutandaza nyaya ndani, kimesaidia nyumba ndogo, lakini anayetaka soketi chumbani bado anahitaji fundi, na akimkosa wa bei yake atampata kishoka mwenye nyaya za shaba ya kupakwa.

Kwa hiyo ningeacha kubishana juu ya nani ashike koleo, nikaangalia saini. Mwenye leseni asigonge muhuri bila kuandika namba mbili alizopima mwenyewe nyumbani hapo. Ya kwanza ni kinga ya nyaya, yaani uwezo wa ganda lake kuzuia umeme usivuje, inayopimwa kwa kifaa kiitwacho mega cha volti 500 na isiyopaswa kushuka chini ya megaomu 1 (omu milioni moja). Ya pili ni omu za rodi. Aongeze picha za mabomba kabla ya lipu. Fundi wa mtaani aendelee kufanya kazi chini ya jina la mtu anayejulikana, huku akipitia VETA kwenye utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, hadi naye apate cha kuombea leseni.

Najua pingamizi. Vipimo ni ghali, mwenye leseni ataongeza bei, na namba zinaweza kupikwa mezani kama muhuri unavyogongwa mezani leo. Ni kweli. Lakini namba iliyopikwa inaweza kupimwa tena na mtu mwingine ikaonekana ni uongo, wakati muhuri mtupu haudai chochote kinachoweza kukanushwa. Bei nayo ikipanda, ipande kwa kazi iliyofanyika, maana hata sasa mwenye nyumba analipia saini.

Anayejenga mwaka huu hana haja ya kusubiri kanuni ibadilike. Ashikilie fungu la mwisho la malipo hadi azione namba hizo mbili, na kama rodi ilipimwa Machi ardhi ikiwa imelowa, aombe ipimwe tena Oktoba.