Kesini ya usiku: kopo au pakiti ya maziwa?

Kamulia ndimu kwenye kikombe cha maziwa ya moto, yatakatika hapohapo: mabonge meupe huku, maji ya rangi ya majani mabichi kule. Mabonge yale ni kesini, karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Protini iliyobaki kwenye maji huitwa wei. Tumboni asidi hufanya kazi ya ndimu, bonge likasagika taratibu kwa saa kadhaa, wakati wei inapita mbio. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 1997 ulilionyesha hilo vizuri, na wauza makopo ya unga wa kesini wa "kunywa kabla ya kulala" wakapata la kusema: kwamba kesini hulisha misuli usiku kucha.

Na hawasemi uongo. Mwaka 2012 huko Maastricht, Uholanzi, vijana walinyanyua vyuma jioni kisha wakanywa gramu 40 za kesini wakienda kulala. Usiku huo misuli yao ilijijenga kwa kasi kuliko ya wenzao. Ila wenzao walipewa kinywaji kisicho na protini kabisa! Kumshinda aliyelala bila protini, mimi sioni kama ni sifa ya upolepole. Mwaka 2023 kesini ilipopambanishwa na wei, usiku, baada ya mazoezi ya stamina, hapakuonekana tofauti. Kinachobeba mzigo, kwa maoni yangu, ni jumla ya protini ya siku: kwa anayejenga misuli, takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili.

Kopo nalo lina haki yake. Pakiti ya nusu lita ina protini kama gramu 16 tu. Kufikisha gramu 40 za kesini unahitaji lita moja na nusu, na ukizinywa saa nne usiku utashinda chooni hadi alfajiri. Mnyanyua vyuma wa kilo 90 asiyemudu nyama kila siku, au anayechelewa kutoka jimu hamu ya kula imekwisha, simlaumu.

Mwanariadha anayepimwa dawa ndiye ninayemhofia. Uchunguzi uliochapishwa 2004 ulipima virutubisho vya dukani (unga, vidonge na kadhalika) 634 vya nchi 13. Karibu asilimia 15 vilikuwa na homoni zisizoandikwa kwenye lebo. Mkojo ukikutwa nazo, kosa ni lako hata kama hukujua. Huyo, kama kopo halina alama ya kwamba kila toleo la kiwandani limepimwa dawa zilizokatazwa, bora mtindi vikombe viwili na mayai.