Mnaisingizia Kompaila

Haipiti wiki sijasikia mtu akilalamika, "Kompaila imegoma." Nikisogea kwenye skrini yake nakuta maneno yaleyale: undefined reference to `cos'. Jamani, kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo wako kwa ajili ya mashine, haijagoma. Ilishamaliza kazi yake, ikakabidhi, ikaenda zake. Iliyogoma ni linka, ile inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja, nayo ina haki, maana umeitajia kitu bila kuiambia kiko wapi.

Nawaelewa lakini. Tunaandika gcc, amri ya kompaila ya GCC, tunabonyeza, programu inatokea. Nani asiamini kwamba gcc ndiyo imefanya yote? Kumbe hiyo gcc unayoiita ni mnyapara tu. Ongeza -v kwenye amri yako utamwona akiita vibarua mmoja mmoja. Cc1 anageuza msimbo wa lugha ya C kuwa asembli (lugha iliyo karibu na ya mashine), as anageuza asembli kuwa faili la .o, kipande cha lugha ya mashine ambacho hakijaunganishwa, halafu collect2 anamwamsha ld, ambaye ndiye linka mwenyewe. As na ld hata si wa nyumba hiyo. Kwao ni mradi mwingine, Binutils. Maktaba ya C, yenye kazi zilizoandikwa tayari kama printf, kwenye Linux nyingi, ni glibc, mradi wa tatu. Tena kuna crt1.o, faili ambalo hukuliandika wala hukuliomba, lakini ndani yake ndimo mnaanzia programu yako kabla main, kazi kuu uliyoiandika wewe, haijaitwa.

Fanya jaribio dogo. Andika programu yenye mstari mmoja tu wa kazi, printf("Habari\n"), uikompaili kwa gcc -c, kisha ulichungulie faili la .o kwa nm, amri inayoorodhesha majina yaliyomo. Hutaiona printf. Utaona herufi U na neno puts. Kompaila imeona huna alama kama %d wala chochote cha kupanga ndani ya maneno yako, ikakubadilishia kazi nzito kwa nyepesi. Na hiyo U maana yake ni deni: puts inahitajika, humu haimo, atakayekuja nyuma aitafute. Kila faili la .o lina orodha ya madeni kama hayo, na linka kazi yake ni kuyalipa.

Ndiyo maana cos, ile kazi ya kupiga hesabu ya kosaini, inawachanganya watu. Ukiandika cos(0.5), gcc inapiga hesabu yenyewe na kuweka jibu, hakuna deni, programu inapita. Kesho unaandika cos(x), x ikiwa namba anayoingiza mtumiaji. Sasa deni lipo, na anayeweza kulilipa ni libm, maktaba ya hesabu, ambayo hukuitaja kwa -lm. Mwanafunzi anaapa kwamba jana ilikubali, na kweli ilikubali!

Mpangilio nao una mambo yake. Ld husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na ikifika kwenye maktaba ya .a (rundo la mafaili ya .o) huchukua vile tu vinavyodaiwa wakati huo. Ukitanguliza maktaba kabla ya faili linaloihitaji, ld inaona haina inachodaiwa, inaipita, kisha inakuja kulalamika mbele. Usumbufu huu siutetei. Clang, kompaila nyingine ya C, ilipokuja ilionyesha kwamba kompaila inaweza kukuelekeza kosa lilipo kwa lugha ya kistaarabu, na GCC nayo ikajirekebisha. Ujumbe wa linka umebaki mkavu vilevile.

Kwa maoni yangu, tunafundisha jambo hili kichwa chini miguu juu. Somo la kompaila linakula majuma kwenye sarufi na miti ya sintaksia, linka inapewa aya moja mwishoni. Mimi ni zao la mafundisho hayo. Niliwahi kupeleka programu kwenye seva ya zamani, ikakataa kuwaka kwa sababu haikuipata GLIBC_2.34, yaani alama ya toleo la 2.34 la glibc. Nilipekua msimbo wangu siku nzima nikitafuta nimeita nini kipya. Sikuwa nimeita kitu. Toleo hilo la glibc, la mwaka 2021, liliipa alama mpya __libc_start_main, kile kipande kinachoiita main. Kwa hiyo hata programu yenye main tupu, ikijengwa juu ya glibc hiyo au mpya zaidi, inadai 2.34 huko iendako.

Halafu kuna wale wa GCC dhidi ya LLVM (mradi ambao Clang imejengwa juu yake), wanaobishana utadhani wamelipwa. Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alitoa GCC mwaka 1987 kama kompaila ya C. LLVM aliianza Chris Lattner pale Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Sifa kubwa ya LLVM, kwangu mimi, ni kwamba ilijengwa kama maktaba, wengine wakaweza kuchukua vipande, ndiyo maana lugha za Rust na Swift zimeegemea humo. Ila huyo shabiki wa Clang akiwa kwenye Linux, mara nyingi programu yake inaungwa na ld ileile ya Binutils, juu ya glibc ileile, na libgcc, maktaba saidizi ya GCC, ndani yake. Mwambie aongeze -v.

Ile programu yangu niliijenga upya ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta) lenye glibc kuukuu kuliko ya seva. Ikawaka mara ya kwanza, na msimbo sikuugusa hata herufi.